Nyumba ya Njombe Kabla ya Juni: Dari Kwanza, Marumaru Baadaye

Ramani nyingi zinazojengwa Njombe, Makete na Mafinga siku hizi zilichorwa kwa ajili ya joto. Madirisha mapana kila upande, matundu ya hewa juu ya kila dirisha, mwanya wa kiganja kati ya ukuta na bati, marumaru mpaka vyumba vya kulala. Dar es Salaam hayo yote yana maana yake. Kwenye miji iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na zaidi ukipanda kuelekea Kitulo ambako mwezi wa sita na wa saba nyasi huamka na barafu, ni kujitafutia mafua kwa gharama kubwa. Likizo ya Juni ndiyo inayofichua mambo. Shule zimefungwa, ndugu wamepanda kutoka Dar na Morogoro, na wageni wote wanahamia kwenye jiko la nje la bibi, lenye nyasi na moshi, kwa sababu ndani ya nyumba mpya hakukaliki.

Tatizo mara nyingi ni mpangilio wa pesa kuliko uhaba wake. Mwenye pagale akipata fedha za kumalizia, huanza na kinachoonekana: marumaru, rangi ya nje, geti. Dari linangoja, mianya inangoja. Hesabu kidogo inaonyesha kwa nini mpangilio huo ni mbaya. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 9 yenye paa la bati. Usiku nje kuna nyuzi joto 4, ndani unataka 16. Bati tupu bila dari hupitisha kiasi cha wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zidisha kwa mita 90 na kwa nyuzi 12, unapata takriban wati 7,500. Yaani hita saba za wati 1,000 zikiwaka usiku kucha, joto lote likienda juu. Funga dari la jipsam la milimita 9 na hasara inashuka hadi karibu wati 3,000. Tandika juu yake sufi ya kioo (blanketi la nyuzi za kioo) ya milimita 50, inabaki kama wati 650. Hakuna kazi nyingine kwenye nyumba inayolipa namna hiyo. Ukuta wa tofali la kuchoma wenye unene wa sentimita 23 hupitisha kama wati 2 tu kwa mita na kwa nyuzi, kwa hiyo kabla ya dari, ukuta siyo adui wako.

Sasa kalenda. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, wakati mwingine mpaka Mei. Anayetaka kuingia mwanzoni mwa Juni anafanya kazi zote za maji ndani ya mvua, na hapo ndipo watu hukosea hesabu. Lipu inakauka polepole. Hata hali ya hewa ikiwa nzuri, hesabu ya kawaida ni siku moja kwa kila milimita ya unene, na kwenye ukungu wa Machi ongeza. Lipu ya milimita 15 iliyopigwa mwisho wa Machi, ikamwagiliwa wiki moja ishike vizuri, itakuwa tayari kwa rangi mwanzoni mwa Mei ukiwa na bahati. Ikipigwa katikati ya Mei, utapaka rangi juu ya maji. Rangi itavimba kama malengelenge, kisha itabanduka kwenye Agosti kavu.

Kwa hiyo paa na uzibaji wa juu ya kuta viishe kabla ya Februari, mabomba na njia za umeme ziishe kabla ya lipu, lipu iishe Machi, madirisha Aprili, dari mara baada ya madirisha, kisha skimu (tabaka laini la kusawazisha ukuta), rangi na milango. Mabomba yajaze maji, funga, acha usiku kucha uangalie kama yanashuka. Ni rahisi kuliko kuvunja lipu mpya.

Kuna faida moja ya mvua: inakagua paa bure. Kabla ya kufunga hata ubao mmoja wa dari, ngoja mvua kubwa, panda juu na tochi, tembea juu ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, kipande kwa kipande ukiweka alama ya chaki kila unapoona maji. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo, si kwenye bonde, na kila mmoja uwe na mpira wake. Mpira uliopasuka kwa kupigwa nyundo kupita kiasi huvuja sawasawa na usiokuwepo. Bati zilalane kwa urefu sentimita 15 paa likiwa na mwinuko mzuri, 20 au zaidi likiwa limelala. Nyumba za kuficha paa nyuma ya kuta, ambazo sasa ziko kila mtaa, zina mwinuko mdogo na mfereji wa ndani, na huko ndiko maji yanakotafuta njia. Uliyejenga hivyo, angalia mfereji mara mbili.

Lakini si kila tone ni uvujaji. Usiku wa Juni ukiwa mweupe bila wingu, bati hupoteza joto kuelekea angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Hewa yenye unyevu kutoka ndani, pumzi za watu waliolala na mvuke wa sufuria, ikigusa bati hilo inageuka maji. Bati linatoa jasho. Ukipanda darini alfajiri unaona tone likining'inia kwenye ncha ya kila msumari, na mstari wa maji ukitembea kwenye papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, mpaka kwenye kona. Watu wengi hapo huita fundi aje kupaka lami juu ya paa, na mwaka unaofuata huitwa tena. Kutofautisha ni rahisi. Uvujaji unatokea mvua ikinyesha, mahali palepale. Jasho hutokea alfajiri ya anga safi, mahali pengi kwa pamoja, hata kama haijanyesha wiki tatu. Dawa yake ni mbili: dari lisilo na matundu lizuie hewa ya ndani isipande, na nafasi kati ya dari na bati ipate upepo kupitia vitundu vilivyoachwa kwenye upenu na kuzibwa kwa wavu wa mbu. Ndiyo, juu ya dari unataka upepo; chini ya dari hutaki. Anayeziba upenu wote kwa saruji ili "kuzuia baridi" anafungia jasho ndani, na mbao za kenchi zinaoza taratibu.

Mwanya unaopaswa kuzibwa ni ule ulio kati ya kozi (mstari) ya mwisho ya tofali na bati, pale upepo unapoingia moja kwa moja chumbani. Jaza tofali na udongo wa saruji mpaka usawa wa dari litakapokaa. Matundu ya hewa juu ya madirisha ni suala lingine, nitalirudia kwenye moto.

Kwenye dari lenyewe, kinachoharibu kazi mara nyingi ni mbao mbichi. Mkoa umejaa mbao za misindano, na zile za bei nafuu hutoka msituni zikiwa bado zinadondosha maji. Ukipigilia mbao mbichi za inchi 2 kwa 2, zitakauka zikiwa juu, zitajipinda, na skrubu zitaanza kujitokeza kwenye jipsam kama vipele, mistari ya maungio itapasuka, na fundi atalaumu jipsam. Zipange mbao chini ya kivuli zikiwa na vijiti katikati, upepo upite, wiki sita angalau. Kwa dari la mita 90 za mraba zenye fremu ya sentimita 60 kwa 60, unahitaji karibu mita 300 za mbao. Za futi 12 ni kama 83, na ukihesabu kingo za vyumba na vipande vinavyopotea, nunua 95. Bodi ya jipsam ya mita 1.2 kwa 2.4 inafunika mita za mraba 2.88, hivyo bodi 32, na za ziada zifike 35. Skrubu ni za milimita 35, kila sentimita 20 hivi. Acha upenyo wa milimita 3 kati ya bodi na bodi, weka mkanda wa wavu, kisha unga wa maungio kwa matabaka mawili, la pili baada ya la kwanza kukauka kabisa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo fundi mwenye haraka huiruka.

Jipsam haipendi unyevu. Ndiyo maana inakuja baada ya lipu kukauka na madirisha kufungwa. Bodi zilizowekwa kwenye nyumba yenye lipu mbichi hulegea katikati na kutengeneza tumbo. Bafuni na jikoni weka dari la mbao zenye ulimi na mfereji au la plastiki. Kusema kweli, kwa nyumba ya Makete mimi ningeweka dari la mbao nyumba nzima. Mbao zipo, mafundi wapo, linavumilia unyevu, na lina uwezo wa kubeba kitu kizito juu yake.

Hilo la uzito ni muhimu kwa sababu ya kinachotandikwa juu. Sufi ya kioo ya milimita 50 haifikii kilo moja kwa mita ya mraba, jipsam inaibeba bila shida. Roli la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 15 hufunika mita 18; kwa nyumba yetu ni roli tano. Itandike ikiwa imejiachia, bila kuibana. Ukiikandamiza ifike nusu ya unene wake, karibu nusu ya kazi yake imepotea, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani yake. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa. Vinyuzi vyake vinawasha siku mbili.

Asiyeweza kuinunua ana vumbi la mbao. Mashine za kupasulia mbao kuanzia Mafinga mpaka Njombe zina vilima vyake, na nyingi hugawa bure. Likiwa kavu kabisa, sentimita 10 zake zinafanya kazi inayokaribia ile ya sentimita 5 za sufi. Lakini lina masharti. Linaweza kufika kilo 20 kwa kila mita ya mraba kwa unene huo, na jipsam ya milimita 9 haitalibeba. Ni kwa dari la mbao lenye boriti imara tu. Lianike juani mpaka liteleze mkononi kama mchanga. Changanya ndoo moja ya chokaa kwa ndoo kumi za vumbi kupunguza panya na wadudu. Nyaya zote za umeme ziwe ndani ya mabomba, na maungio ndani ya maboksi yenye vifuniko. Mita moja kuzunguka bomba la moshi usiweke vumbi kabisa. Bila masharti hayo, acha.

Foili ya mapovu inayouzwa kama tiba ya kila kitu hufanya kazi yake ikiwa tu upande wake unaong'aa una nafasi ya hewa mbele yake, sentimita 2.5 au zaidi. Ikibanwa kati ya papi na bati, vinagusana na joto linapita. Taa za kuzamisha kwenye dari nazo ni janga dogo: kila moja ni tundu la hewa, na sufi ikizifunika zinapata joto kupita kiasi. Kwenye nyumba ya baridi tumia taa za kawaida zinazofungwa kwenye uso wa dari, mbili kwa chumba.

Lipu nimeigusa kwa upande wa muda. Upande wa mchanganyiko una mambo yake. Kwa ndani, sehemu moja ya saruji kwa tano za mchanga inatosha. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga ni ndoo 9 za lita 20, pungufu kidogo. Kwa unene wa milimita 15 mfuko mmoja unafunika mita za mraba 10 mpaka 12. Nyumba ya vyumba vitatu yenye kuta za ndani mita 250 itakula mifuko 22 hadi 25. Wapo wanaodhani kuongeza saruji ni kuongeza ubora, wanachanganya moja kwa tatu. Lipu hiyo hujikunja inapokauka na kutoa nyufa kama ramani ya mito. Tofali la kuchoma lililo kavu hunyonya maji ya lipu kabla haijashika, kwa hiyo lowanisha ukuta jioni na tena asubuhi kabla ya kuanza. Mchanga upimwe kwa chupa ya plastiki: theluthi mchanga, jaza maji, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, tafuta mchanga mwingine au uoshe.

Umechelewa na lipu ya nje imeangukia Juni? Chini ya nyuzi 10 saruji inashika kwa kuburuta miguu, na ikigandishwa na barafu usiku wake wa kwanza haiponi. Itakuwa unga unaobanduka kwa kucha. Anza saa 4 asubuhi ukungu ukitoka, simama saa 8 mchana, funika kwa magunia au nailoni. Makete yenyewe, subiri Septemba. Hakuna mgeni aliyelala vibaya kwa sababu ukuta wa nje haujapigwa lipu.

Madirisha ya alminiamu ya kusukuma hayazibi kama watu wanavyofikiri. Kagua kabla ya kumlipa fundi. Kingo za kila kioo ziwe na brashi yake pande zote, kwa maana ni kawaida kukuta upande mmoja umeachwa. Kati ya fremu na ukuta pajazwe povu la kuziba au udongo wa saruji kwanza, silikoni juu yake. Silikoni peke yake juu ya uwazi wa sentimita mbili itachanika mwaka huohuo. Reli ya chini ina vitundu vya kutoa maji, navyo vitazame nje na visizibwe. Vioo vya nako, vile vya vipande vinavyopandiana, hata vikifungwa, vinapitisha upepo kila kipande, na hakuna dawa zaidi ya kuviondoa au kuvifunika kwa plastiki nzito msimu mzima wa baridi. Pazia liwe zito, lifike chini ya kizingiti cha dirisha na juu lifungwe kwa boksi, la sivyo hewa baridi ya kioo inashuka nyuma yake na kukutana na miguu yako.

Kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, jua la Juni linapita upande wa kaskazini, na saa 6 mchana Njombe liko kwenye nyuzi 57 hivi kutoka upeo. Vyumba vya kaskazini vinapata jua bure. Hata kama ramani imeshajengwa, unaweza bado kuamua chumba kipi kiwe sebule na kipi stoo. Upenu wa sentimita 60 unatupa kivuli cha sentimita 90 hivi mchana huo, kwa hiyo usiurefushe upande wa kaskazini ukidhani unalinda ukuta. Kusini urefushe upendavyo.

Milango iliyotengenezwa kwa mbao za msimu wa mvua itasinyaa Juni. Mwanya wa sentimita moja chini ya mlango wa sentimita 90 ni sawa na tundu la karibu sentimita 10 kwa 10 ukutani, na hakuna anayekubali tundu hilo likiwa ukutani. Pigilia mpira au brashi chini. Weka kizingiti kidogo cha mbao.

Sakafu ndipo marumaru inapoingia kwenye mjadala. Nailoni chini ya jamvi (zege la sakafu) ilipaswa kuwekwa mwanzoni. Kama hujui, bandika kipande cha nailoni cha mita moja kwa moja kwenye sakafu, ziba kingo kwa utepe, acha siku mbili. Matone chini yake yanamaanisha unyevu unapanda. Hapo zulia na mbao vitaoza, na marumaru ndiyo jibu. Kama ni pakavu, weka marumaru jikoni na bafuni tu, na vyumbani sakafu ya saruji iliyosuguliwa yenye kapeti. Mguu peku saa 11 alfajiri utakushukuru, na kiasi kilichobaki kinalipia sufi ya dari.

Nyumba ikishazibwa hivi, moto unakuwa jambo la uhai. Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala linaua. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na chumba kilichozibwa vizuri ndicho kinachoua haraka zaidi kuliko chumba chenye mianya. Hakuna kipimo cha "kidogo tu mpaka tulale". Kwa hiyo tundu moja la hewa libaki kwenye kila chumba, lenye wavu, juu ukutani. Anayetaka moto wa sebuleni ajenge meko yenye dohani: mdomo wa sentimita 60 kwa 60 unataka bomba la moshi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 20 kwa 20 angalau, na kichwa chake kipite kilele cha paa kwa sentimita 60, vinginevyo upepo utarudisha moshi ndani. Mbao za kenchi zikae mbali na dohani kwa sentimita 5. Pale dohani linapotoboa bati, bati la kuzibia lichimbiwe ndani ya ukuta wa dohani sentimita 2.5, lisipakwe lami tu pembeni.

Wiki ya mwisho kabla ya wageni, fungua madirisha yote kuanzia saa 5 mpaka saa 9 alasiri, unyevu wa rangi na lipu utoke, kisha ufunge kabla baridi haijashuka. Makabati yasigusane na kuta za nje; acha sentimita 5, la sivyo ukungu mweusi utaota nyuma yake ifikapo Agosti, na wala siyo bomba linalovuja. Fedha zikikatika njiani, maliza vyumba viwili kabisa, dari, sufi, milango na pazia, badala ya vyumba vitano nusunusu. Usiku wa kwanza wenye upepo, washa udi na uupitishe taratibu kwenye kingo za madirisha, kona za dari, swichi za umeme na chini ya milango. Moshi ukiyumba, pana mwanya; weka alama ya chaki, na asubuhi anza na ile iliyo usawa wa vitanda.